Mswala wa kale wa Kituruki: mbona nguzo hazina miguu, na birika limepinduka?

#1 MpembaIzmir

Salaam wadau. Naishi Izmir, huu mwaka wa nne. Mwenye nyumba wangu ni mjane wa miaka themanini na ushei. Jengo zima twamwita Teyze, kama kwetu mtu anavyosema mama mkubwa. Wiki iliyopita alinipa mswala wa zamani niupeleke kwa fundi wa mazulia, maana nondo wameanza kuula pembeni. Ulikuwa wa bibi yake marehemu mumewe, watu wa mkoa wa Manisa.

Fundi wa kwanza aliutazama akasema ni Gördes, yaani wa mji wa jina hilo, miaka 200. Wa pili, hatua hamsini tu kutoka kwa mwenzake, akasema ni wa mji mwingine uitwao Kula, miaka 100, na akataka kuununua pale pale. Nikaukunja nikarudi nao nyumbani.

Nawaeleza ulivyo. Upana sentimita 122, urefu 176. Katikati, pale ambapo kwenye kanga tungepaita mji, ni buluu iliyopauka, haina kitu. Juu yake kuna tao la mihrabu lenye ngazi ngazi. Kutoka kwenye mabega ya tao zinashuka nguzo mbili nyembamba zenye maua. Zinashuka, zinashuka, halafu zinaishia hewani: hazina kitako, hazigusi chini. Kwenye kilele cha tao kinaning'inia chombo kama birika, mdomo chini, kitako juu. Pembe za juu ya tao ni rangi ya damu ya mzee, zimejaa maua. Pindo ni michirizi saba myembamba, mweusi mweupe mweusi mweupe, yenye vijiua ndani. Weusi umelika sana, na nyekundu ya jirani imebaki imenyanyuka kama iliyochongwa.

Maswali mawili. Nguzo zisizo na miguu zina maana, au mfumaji alikosea? Na birika mbona limepinduka? Bei iacheni, si mali yangu.

#2 Kitwana_Kibokoni

Hilo si birika, ni taa. Surat Nnur, aya ya 35: mfano wa nuru Yake ni kama shubaka ndani yake mna taa, na taa imo katika kioo. Shubaka lenyewe ndilo hilo tao. Taa huning'inia kwa minyororo kutoka kileleni. Mswala mzima ni aya hiyo moja iliyofumwa kwa sufu. Swali limekwisha.

#3 BintiTumbatu

Kaka Kitwana, limekwisha kwako. Taa gani ina mkono na mdomo? Mwenye uzi kasema mdomo uko chini. Hilo ni birika la kutawadhia. Mie nimeona misala ya Kituruki ina birika pembe hii na birika pembe ile, na pengine kitana cha kuchania ndevu. Ni ukumbusho kwa anayetaka kusimama: je, una udhu?

#4 Mzee_wa_Kreuzberg

Wote wawili mna haki, ila mnazungumzia karne tofauti.

Anzeni karne ya 16, mazulia ya ikulu ya Sultani wa Waosmani, dola ya Kituruki ya enzi hizo. Kuna mmoja uko Metropolitan Museum, New York, alioutoa James Ballard mwaka 1922. Una matao matatu, nguzo pacha nyembamba zenye vitako vilivyochongwa vizuri, maua chini, vikuba juu, na taa ya msikiti inaning'inia tao la katikati. Hapo taa ni taa kweli na nguzo ni nguzo kweli, zinabeba jengo. Mchoraji wa ikulu aliuchora kwenye karatasi, mfumaji akaufuata fundo kwa fundo.

Kisha ile ramani ikatoka ikulu ikaenda mijini: Gördes, Kula, Ladik. Huko hakuna karatasi. Mama anafuma, binti anatazama, mjukuu anafuma alivyokumbuka. Matao matatu yakawa moja, maana zulia ni dogo. Nguzo zikabaki, lakini sasa hazibebi kitu, na kisichobeba kitu hakihitaji mguu. Zikawa utepe wa maua. Taa nayo ikawa shada la maua, au birika, au ikatoweka kabisa. Mpemba, wako uko mwishoni mwa safari hiyo. Hakuna kosa.

#5 Jabali_la_Moshi

Mkuu #4, kwa hiyo ni kama mchezo wa kunong'onezana sikioni: wa kwanza anasema "mbuzi wa bibi", wa mwisho anatamka "mbuyu wa bahari". Nimekupata.

#6 BintiTumbatu

Mfano mzuri, lakini sikubali moyoni. Mwanamke anayefunga mafundo laki kadhaa kwa mkono haachi nguzo hewani kwa kusahau. Katikati ya kazi angeliona. Aliacha kwa kupenda. Tusiwafanye mabibi wa watu kuwa kasuku.

#7 Mzee_wa_Kreuzberg

Binti, sikusema wamesahau kwa ujinga. Nimesema umbo lilipoacha kuwa jengo likawa pambo, na pambo lina sheria zake. Ila neno lako nalichukua.

#8 FundiUkili

Mie ni msusi wa mikeka, Pemba, siyajui mazulia. Nna swali moja tu kwa mwenye uzi. Tandika mswala, pitisha kiganja kutoka chini kwenda kwenye tao, kisha urudi. Upande upi nyoya zinalala laini, upande upi zinakataa?

#9 Abuu_Sumayya

Nami niulize. Hapa Matrah, Maskati, muuza mazulia aliniambia mswala wa Kituruki wa kweli hauna kijani hata kidogo, kwa kuwa ni rangi ya Mtume (s.a.w.) na haifai kukanyagwa. Akanionyesha kumi, kweli hamna. Mpemba naye hakutaja kijani.

#10 Mwl_Kemia_Nakuru

Ndugu Abuu, muuzaji huyo anauza hadithi pamoja na zulia. Misala ya Mucur, mji ulio katikati ya Anatolia (Uturuki ya upande wa Asia), ni maarufu kwa wingi wa rangi, na kijani imo. Ya Gördes yenye mji wa kijani ipo pia. Inawezekana wapo wafumaji walioikwepa kwa heshima, sibishi, lakini si kanuni ya Waturuki wote.

Sababu ya kijani kuwa haba ni ya jikoni kwanza. Hakuna mmea uliowapa wale akina mama kijani kizuri kisichochuja. Ilibidi uchovye mara mbili: kwanza kwenye nili upate buluu, kisha kwenye manjano ya majani ya porini kwa shabu. Kazi mara mbili, kuni mara mbili. Na nili ni sugu kuliko manjano nyingi. Jua likipiga miaka, manjano inakimbia, buluu inabaki.

Kwa hiyo Mpemba, ombi langu: pindua huo mswala. Tazama mgongo wa ile "buluu iliyopauka".

Na weusi uliolika una sababu yake. Ili wapate nyeusi au kahawia nzito walitumia chuma pamoja na magome au matunda yenye ukakasi, kama ya mialoni. Chuma hula sufu polepole. Baada ya miaka mingi nyoya nyeusi zinakatika, nyekundu ya jirani inabaki ndefu. Hakuna aliyechonga.

#11 Jabali_la_Moshi

Mwalimu, ningekuwa na wewe kidato cha tatu nisingeikimbia kemia.

#12 MpembaIzmir

Wadau, nimefanya yote mawili na mikono inanitetemeka.

Mgongoni ni KIJANI. Kijani ya jani la mgomba mchanga, mji wote. Teyze nilipomwonyesha aliweka mkono kifuani. Ameujua mswala huu tangu aolewe, na siku zote kwake ulikuwa wa buluu.

FundiUkili: kiganja kikienda kuelekea kwenye tao ni laini kabisa. Kikirudi chini zinakataa.

#13 FundiUkili

Basi ulianzwa juu! Nyoya hulalia upande kazi ilipoanzia, maana kila fundo huvutwa chini na kukatwa. Mfumaji alianza na kichwa, akamalizia na miguu. Maana yake siku zote alizokaa kwenye mtambo, tao lilikuwa limepinduka mbele yake, ncha chini. Na hilo birika, mbele ya macho yake, lilikuwa wima: kitako chini, mdomo juu, kama birika lolote lililowekwa sakafuni.

Halikupinduka. Sisi ndio tunaolitazama kutoka upande wa pili.

#14 Kitwana_Kibokoni

Subhanallah. Hili la FundiUkili limenikaa. Lakini taa yangu siiachi! Taa ya msikiti nayo ina shingo pana na tumbo. Mtu akiifuma kichwa chini miaka mia, ataiona kama kuzi, ataitia mkono, ataitia mdomo. Kwa hiyo taa ilizaa birika.

#15 Mzee_wa_Kreuzberg

Ni kweli misala mingi ya Anatolia, hasa Ladik na baadhi ya Gördes, ilifumwa kuanzia juu. Kwa nini, hapo wajuzi hawaelewani. Wapo wasemao ni ili nyoya zielekee kibla, mikono na paji la uso viteleze bila kukwaruzwa wakati wa kusujudu. Wengine husema ni kwa ajili ya mwanga: zulia lina upande wa kung'aa na upande wa kuiva kufuatana na nyoya zilivyolala, na mwenye kusali husimama upande mmoja tu. Na wapo wasemao mfumaji alianza na sehemu ngumu, tao na pembe zake, angali na sufu ya rangi moja ya kutosha. Kwenye mji uliotulia rangi ikibadilika kidogo si neno.

#16 FundiUkili

Hiyo ya tatu ndiyo ya mtu wa kazi. Nasi ukindu wa rangi ukiwa haba unaanza nao.

#17 BintiTumbatu

Swali kwa FundiUkili kabla sijashangilia. Kama birika alilifuma wima machoni pake, na yale maua ya pembeni? Mpemba, maua ya kwenye pembe za tao yametazama wapi?

#18 MpembaIzmir

Yamechanganyika. Mengine juu, mengine chini, mengine yanatazama pindo. Ya kwenye nguzo yote yanatazama juu, kwa maana ya juu ya anayesali.

#19 BintiTumbatu

Haya! Kwa hiyo ya nguzo aliyafuma kichwa chini akijua, na birika alilifuma wima? FundiUkili, nadharia yako nzuri lakini ina tundu.

#20 Msafiri_wa_Kigamboni

Naingia na jambo jingine, niwieni radhi. Hizo nguzo si za Waislamu peke yao. Zipo pazia za masinagogi za enzi ya Waosmani zenye tao na nguzo za mfano huo huo, za kufunika sanduku la Taurati. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walipokelewa kwa wingi kwenye dola ya Sultani, Istanbul, na baadaye Izmir hiyo hiyo. Kuna wanaosema nguzo pacha zilitoka Hispania na watu hao. Kwa hiyo huenda si mihrabu, ni lango tu. Lango la pepo, lango la hekalu, kila mtu na dini yake.

#21 Kitwana_Kibokoni

Matao yenye nguzo yalikuwepo misikiti ya Kordoba kabla ya huo mwaka 1492, ndugu. Kama zilitoka Hispania, zilikuwa zetu pia.

#22 Msafiri_wa_Kigamboni

Nakubali. Ndiyo maana nimesema lango tu.

#23 Mzee_wa_Kreuzberg

Kuna mkondo wa tatu: Misri. Mwaka 1585 Sultani Murad III aliagiza mafundi 11 wa mazulia kutoka Kairo waletwe Istanbul pamoja na sufu yao iliyotiwa rangi. Hadi leo ubishi haujaisha ni mazulia yapi ya ikulu yalifumwa Kairo, yapi Bursa, yapi Istanbul. Sufu ya Misri husokotwa kinyume na ya Anatolia, na hicho ni kimoja kati ya vipimo wanavyotumia.

#24 Ashura_wa_Lushoto

Nimesoma toka mwanzo, asanteni. Swali la mtu asiyejua: kwa hiyo ni Gördes au Kula? Mafundi wawili wa Izmir walishindwa, ninyi je?

#25 Mzee_wa_Kreuzberg

Dada Ashura, Gördes na Kula zote zimo mkoa wa Manisa. Watu walioana, walihama, waliigana. Vipimo vya vitabuni: Gördes tao lake ni refu lenye mabega, Kula tao limelala. Gördes mara nyingi ina kibao cha mapambo juu ya tao na kingine chini ya mji. Kula mara nyingi kimoja tu. Ladik utaijua kwa safu ya matulipu yenye mabua marefu. Milas tao limebanwa kiunoni, na rangi zake za tofali na manjano zina joto. Gördes pia walipenda kutumia pamba kwa weupe, kwa kuwa sufu nyeupe huelekea manjano. Ila pindo la michirizi alilotaja Mpemba, Waturuki wanaliita çubuklu, lipo kote kuwili.

#26 MpembaIzmir

Kibao kipo juu na chini. Weupe ni pamba, nimeugusa, ni baridi na hauna mnato wa sufu. Basi Gördes?

#27 Soko_Mjinga_Zamani

Polepole. Nimefanya kazi miaka kwenye duka la vitu vya kale Ulaya. Gördes ndiyo iliyoigwa kuliko zote, kwa sababu wakusanyaji wa Ulaya na Marekani waliigombania mwishoni mwa karne ya 19. Huko huko Uturuki, mji wa Bandırma waliiga, Kayseri waliiga. Romania alikuwako mtu aitwaye Teodor Tuduc aliyefuma mazulia ya "karne ya 17" kwa ustadi hadi makumbusho yakanunua. Wanakwangua weusi makusudi ili uonekane umeliwa na miaka, wanachovya zulia kwenye chai ili weupe uzeeke.

Mpemba, tafuta rangi ambayo mbele imekufa na nyuma inapiga kelele.

#28 MpembaIzmir

Ipo moja. Mchirizi mwembamba wa pindo, wa nne kutoka nje. Mbele ni kijivu cha jivu. Nyuma ni zambarau kali kabisa.

#29 Mwl_Kemia_Nakuru

Hapo ndipo miaka 200 inapoondoka. Zambarau ya kwanza ya maabara aliipata William Henry Perkin, London, mwaka 1856, akiwa na miaka 18, akitafuta dawa ya malaria! Rangi zile za mwanzo zilifika masoko ya Anatolia miongo iliyofuata. Zilikuwa rahisi, zilimeremeta, na nyingi hazikuvumilia jua. Zambarau ya asili ipo, mzizi wa kökboya (mmea ambao mizizi yake hutoa rangi nyekundu) na chuma, lakini haifi hivyo.

Na mwaka 1868 Wajerumani wawili, Graebe na Liebermann, walitengeneza maabara ile nyekundu ya mzizi wenyewe. Izmir yako hiyo ilikuwa ikisafirisha mizizi ya kökboya kwenda Ulaya. Mashamba yalikosa soko ndani ya muda mfupi. Wanakijiji hawakupoteza rangi tu, walipoteza pia zao la biashara. Hilo huniuma kila nikilifundisha.

Waliofufua ujuzi ni mradi wa DOBAG, ulioanza 1981. Harald Böhmer, mwalimu wa kemia kama mimi, alipima rangi za mazulia ya kale, akatambua mimea yake, wakairudisha kwa wanavijiji wa Ayvacık na Yuntdağ. Yuntdağ iko Manisa hiyo hiyo.

#30 FundiUkili

Mwalimu, na kama huo mchirizi ni kiraka? Mswala wa zamani, pindo likaliwa, mjukuu akalitia uzi mpya wa dukani. Siwezi kuutupa umri wa mswala mzima kwa mchirizi mmoja.

#31 Soko_Mjinga_Zamani

Ni hoja. Kiraka huonekana mgongoni: mafundo hayalingani, mshindio unaruka. Mpemba?

#32 MpembaIzmir

Mchirizi unazunguka pindo lote pande nne, sawasawa. Mafundo yanalingana kwa macho yangu. Lakini macho yangu si ya fundi.

#33 Ashura_wa_Lushoto

Mimi sioni kwa nini miaka 130 iwe aibu mbele ya miaka 200. Bibi wa watu aliona zambarau mpya sokoni, ikampendeza, akaitia mchirizi mmoja. Hakujaza nayo zulia zima, alionja tu. Hapo ndipo ninapomwona yeye.

#34 BintiTumbatu

Ashura, njoo nikukumbatie.

#35 Abuu_Sumayya

Kabla uzi haujafungwa: nimesikia makanisa ya huko Romania yamejaa misala hii. Wakatoliki wanaitakia nini?

#36 Mzee_wa_Kreuzberg

Si Wakatoliki, ni Walutheri, Wajerumani wa Transilvania. Kanisa Jeusi la Braşov lina moja ya hazina kubwa za mazulia ya Anatolia nje ya Uturuki. Wafanyabiashara walipita nayo, wakayatoa wakfu kanisani, vyama vya mafundi wakatandika kwenye viti vyao. Kuta zilikuwa tupu baada ya mageuzi ya dini, mazulia yakazipa rangi. Hawakuwa wanayasalia.

Na ikulu ilijua. Mwaka 1610, enzi ya Sultani Ahmed I, ilitoka amri kwenda mji wa Kütahya: wafumaji wasitie mihrabu, Alkaaba wala maandishi kwenye mazulia yatakayouzwa kwa wasio Waislamu. Ukiona amri, ujue jambo lilikuwa likifanyika.

#37 Msafiri_wa_Kigamboni

Na yapo hadi kwenye picha za Ulaya. National Gallery, London, kuna Bikira Maria aliyechorwa na Gentile Bellini, na chini ya kiti chake umetandikwa mswala. Una umbo kama tundu la ufunguo upande wa chini. Wengine husema ni birika la udhu la uani, wengine ni mihrabu ndani ya mihrabu. Bellini mwenyewe alikaa Istanbul, kwa Sultani Mehmed II.

#38 Ustadh_Kisauni

Nimekaa kimya, niongeze mawili. Mtume (s.a.w.) aliwahi kusali na nguo yenye mapambo, akasema imemshughulisha, akairudisha kwa Abu Jahm na kuomba ile isiyo na mapambo. Na katika Hadithi ya Bi Maimuna, alikuwa akisali juu ya khumra, mkeka mdogo wa majani ya mtende. Kwa hiyo kuona mji wa mswala huo umeachwa mtupu, pale paji la uso linapogusa, mie naona fiqhi na si umasikini wa mchoro. Mapambo yote yamesukumwa pindoni.

#39 FundiUkili

Allah akujaze kheri, Ustadh. Khumra ni msala wetu wa ukindu kabisa. Bibi yangu alikuwa akiusuka mweupe mtupu, pindoni tu akitia ukili mmoja mweusi wa mdaa. Nilipomuuliza katikati mbona hatii rangi, alisema, "Hapo pa Mungu."

#40 Jabali_la_Moshi

Samahani, huku bara "msalani" ni chooni. Kila mkiandika msala nashtuka.

#41 BintiTumbatu

Ndiyo maana wengine huandika mswala, ukae kwa amani! Neno moja lina maana mbili, kote kuwili unavua viatu vya nje.

#42 Soko_Mjinga_Zamani

Mpemba, jambo la haraka kuliko karne zote hizi: nondo. Usifue kwa sabuni ya unga, utaua rangi. Ufunge kwenye mfuko wa plastiki uutie kwenye friza wiki mbili, utoe siku moja, uurudishe tena. Kisha brashi laini, mgongo kwanza. Na fundi asikate matamvua.

#43 MpembaIzmir

Shukran, nimeshaomba nafasi kwenye friza ya mwenye bucha wa chini. Amekubali baada ya Teyze kumpigia simu.

Sasa sikilizeni. Leo nilimsomea Teyze uzi wenu, nikimtafsiria kipande kwa kipande. Kuhusu birika alisema ni ibriki, birika tu, hakuna cha taa. Mamamkwe alimwambia marehemu bibi aliufuma akiwa mwali, uwe kwenye vitu vyake vya harusi, na nyumba ya bibi harusi haikosi birika. Kitwana, pole.

Nikamuuliza za nguzo. Akauliza, "Nguzo zipi?" Nikamwekea kidole. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hizo ni küpe. Herini. Mwali anayefuma herini anaomba bwana.

Akashika sikio lake mwenyewe, akaitikisa herini yake ya dhahabu, akasema, "Hii nayo ina mguu?"

#44 Kitwana_Kibokoni

Namheshimu Teyze kama mamangu. Lakini yeye ameyasikia kwa mamamkwe, na mamamkwe kwa bibi, na #5 alitueleza habari ya kunong'onezana. Taa iko pale pale.

#45 Mzee_wa_Kreuzberg

Herini ni alama inayojulikana kwenye mazulia ya Anatolia, na maana yake ndiyo hiyo aliyosema. Sijawahi kuisikia ikitajwa kwa nguzo za Gördes. Nimeiandika kwenye daftari.

#46 FundiUkili

Mpemba, muulize na hili, tafadhali: marehemu bibi aliwahi kusema alianzia upande gani?

#47 MpembaIzmir

Amekwishalala. Kesho baada ya Alfajiri nitamgongea.

#48 BintiTumbatu

Na umuulize zambarau aliinunua wapi.